Walikuja na Majembe

Tangu nistaafu, vijana wawili watatu wa idara yetu ya afya wamenipigia simu kuniuliza jambo lile lile: "Mzee, ulikuwa unafanyaje hadi wananchi wanakusikiliza?" Huwa nawajibu kwamba walinisikiliza mara chache sana, na hata hizo chache walielewa kitu kingine. Wanadhani nawatania. Basi nimeona niyaandike, niwe nimemaliza. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana vyeo vyangu vilikuwa vya kuhesabika na mshahara wangu mnaujua ninyi kuliko anavyoujua mke wangu.

Mimi si mtu wa Lushoto. Ni Mbondei, nimezaliwa upande wa pili, chini ya milima ya Amani, na nilipopangiwa kazi huku nilidhani mlima ni mlima. Nilifika kipindi cha baridi na koti la mvua la kuazima, futi ya kupimia, na viatu vya mjini ambavyo viliachama siku ya kwanza. Kishambaa nilikielewa nusu, maana kinafanana na kwetu, na hiyo nusu ndiyo iliyoniponza. Watu walikuwa wakinisengenya mbele yangu, mimi nikitingisha kichwa kama ninayekubali.

Siku hizo jina la Bwana Afya lilitosha kutawanya watu. Nikitokea kwenye kona, mama aliyekuwa anachambua maharage uani anaingia ndani, mzee anakumbuka kwamba ana shughuli shambani. Nyumba ya kwanza niliyoikagua ilikuwa na choo kizuri ajabu: sakafu ya saruji, mfuniko, ndoo ya maji, sabuni ambayo haijawahi kuguswa, na kufuli mlangoni. Niliwapongeza sana. Nikarudi zahanati kifua mbele, nikamsimulia Sista Monika, nesi wa pale, mwanamke wa Rangwi, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo wanaume wakubwa waliitii.

"Umeiona njia ya kuendea hicho choo?" akaniuliza huku anakunja bandeji.

"Njia gani?"

"Basi rudi ukaiangalie."

Nilirudi kesho yake. Kutoka mlangoni hadi chooni majani yalikuwa yamefika magotini. Hakuna mguu uliokuwa umepita pale tangu saruji ikauke. Kilikuwa choo changu mimi, kimejengwa ili nikikagua niende zangu, na wenyewe walikuwa na chao nyuma ya migomba. Sista Monika hakunicheka. Alisema tu, "Ukitaka kujua kama kitu kinatumika, angalia njia ya kuendea." Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nyingine zenye chai na maandazi, lakini sikumbuki iliyonisaidia kuliko maneno yale. Ninyi mnaozunguka na vishikwambi, mkifika mahali, kabla hamjapiga picha jengo, pigeni picha njia.

Sasa nije Kwemkuyu. Ni kitongoji kilichokaa juu kabisa, kwenye mkunjo wa mlima, ambako asubuhi huoni nyumba ya jirani kwa ukungu. Viazi vyao ni vizuri, karoti zao ndizo zinazopakiwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Zahanati iko chini, sokoni, pembeni ya barabara. Wanawake wa sokoni walijifungulia kwa Sista Monika. Wa Kwemkuyu walijifungulia nyumbani, au njiani, na kuna waliozikwa bila kufika kokote. Kwenye vikao vyetu tulisema kwamba watu wa juu hawana elimu. Ni maneno matamu hayo, maana yanakupa kazi ya kufanya bila kukuumiza kichwa. Basi nikapanda kwenda kuwaelimisha.

Niliwaelimisha hasa. Waliitikia kila sentensi, wakakubali kila hatari niliyoitaja. Nilipomaliza, bibi mmoja mjane aliyeitwa Bi Mwanahawa alinisindikiza mpaka kwenye mteremko. Aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, umesema vizuri sana," akasema. "Sasa nani atanibebea binti yangu?"

Hapo ndipo nilipoiangalia njia. Ilikuwa kijia cha mbuzi kilichoshuka kati ya mashamba, kikavuka kijito, kikapanda, kikashuka tena. Kumshusha mgonjwa kwa machela kulitaka wanaume wanane wa kupokezana, tena wenye magoti mazima. Na kwa desturi ya pale, kubeba mgonjwa lilikuwa jambo la ukoo. Mke wa mtu hubebwa na kaka za mumewe. Mwenye kaka wengi alifika zahanati, asiye nao alibaki kitandani akisubiri kudra ya Mungu. Bi Mwanahawa hakujaaliwa mtoto wa kiume. Binti yake wa pekee, Zaina, aliolewa na kijana asiye na ndugu pale, na kijana mwenyewe alikuwa Mazinde anakata mkonge, anarudi nyumbani mara moja moja. Zaina alikuwa mjamzito.

Lakini mtu akifa Kwemkuyu, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwenye mti karibu na nyumba ya Mzee Hoza, mwenyekiti wa kitongoji, ilining'inizwa ringi kuukuu ya lori. Ringi ikigongwa, kila nyumba hutoa mtu, Muislamu kwa Mlutheri kwa Mkatoliki. Wanaume wanakuja na majembe, wanawake na kuni, sufuria na kibaba cha maharage. Asiyekuja bila sababu hutengwa, na siku yake ikifika atajichimbia mwenyewe. Na ukishaitikia ringi, huondoki mpaka udongo umerudishwa na watu wamekula. Nimeona serikali zikihangaika kupanga mambo kwa mpango ule zikashindwa.

Nilimweleza Mzee Hoza jambo la machela. Akaitisha mkutano, kwa bahati mbaya siku ya soko, kwa hiyo walihudhuria wachache. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, na mazungumzo yakazunguka hadi nikaanza kusinzia. Ndipo Bi Mwanahawa akasimama huko nyuma.

"Naomba niulize. Nikifa leo, nani atanichimbia?"

"Sisi sote, Bi Mwanahawa!" wakajibu, tena kwa kuudhika kidogo.

"Na nikiugua leo, nani atanibeba?"

Mzee Hoza akakohoa, akasema kwamba ugonjwa ni wa nyumbani kwa mtu, ila kifo ni cha kitongoji. Ndivyo walivyoikuta desturi.

"Kwa hiyo nife kwanza ndipo mnibebe," akasema Bi Mwanahawa, akaketi.

Walibishana hadi jua likaenda upande. Mwishoni wakakubaliana kwamba ringi igongwe na kwa mgonjwa pia: ya msiba polepole, ya mgonjwa harakaharaka kama kengele ya shule. Waliohudhuria waliambiwa wawaarifu wengine. Nilishuka nikiwa nimefurahi kupita kiasi, maana nilikuwa bado mgeni wa kuamini neno "wawaarifu wengine".

Masika hayo mvua ilinyesha ukasema imetumwa. Asubuhi moja nilikuwa nimepanda na Sista Monika, mimi nikikagua chemchemi, yeye akipima wajawazito. Hatujamaliza, Bi Mwanahawa akaja amefunga kanga kiunoni, hana salamu. Zaina alikuwa na uchungu tangu jana yake. Sista Monika aliingia ndani, akakaa muda, akatoka uso umebadilika.

"Mtoto amelala mkingamo," akaniambia kwa sauti ya chini zaidi ya kawaida yake. "Jambo hili halimezeki wala halitemeki. Anahitaji upasuaji. Asiposhuka mchana huu, tutawapoteza wote wawili."

Kwemkuyu mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu. Nilipanda jiwe hilo kwa magoti, nikapiga simu hospitali. Wakasema gari litakuja, lakini litaishia sokoni. Mzee Hoza hakungoja nimalize kueleza, akaenda kwenye ringi akaigonga harakaharaka, vile vile walivyokubaliana, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Tatizo ni kwamba watu wengi wa Kwemkuyu hawakuwa kwenye mkutano. Kwao ringi ilikuwa ringi.

Walianza kutokea kwenye ukungu mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wanaume na majembe begani, sururu, makoleo. Wanawake na kuni kichwani, masufuria, kanga zimefungwa kimsiba. Walipofika kwenye kona ya migomba, wale wa mbele wakaanza kulia kwa sauti, na wa nyuma wakapokea. Vijana wa msikitini walifika na jeneza, wakaliegemeza ukutani kwa Bi Mwanahawa kwa heshima zote. Mzee mmoja akanishika mkono akanipa pole. Nilipigwa na butwaa hivi kwamba nilimjibu, "Tumeshapoa."

Ndani, Zaina alisikia. Alinyanyua kichwa katikati ya uchungu, akauliza, "Mama, nani kafa?"

Bi Mwanahawa akachungulia mlangoni, akayaona majembe, akaliona jeneza, akarudi.

"Wanasema ni wewe," akamwambia.

Wallahi Zaina alicheka. Kicheko kilikatizwa na uchungu, lakini kilikuwa kicheko. Mama yake akatoka nje kama risasi.

"Nyamazeni! Yuko hai na anawasikia! Mnamlilia mtu mwenye masikio?"

Kilio kilikatika ghafla. Sijawahi kuona watu wazima wengi wakikosa pa kuweka macho kwa mara moja. Halafu minong'ono ikaanza, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko kilio. Kumfuata mtu aliye hai na majembe ya kaburi ni uchuro, walisema, na jeneza lililotolewa halirudi tupu. Wengine walishaanza kugeuka. Nikaona wazi kwamba wakiondoka, Zaina hatoki pale. Niliita watu, nikaeleza mambo ya mtoto na mkingamo, wala hakuna aliyenisikiliza.

Mzee Hoza akasimama njiani, mikono kiunoni.

"Mmeitikia ringi, hamjaitikia?"

"Tumeitikia, mzee."

"Aliyeitikia ringi anaondoka lini?"

"Kazi ikiisha," akasema mmoja shingo upande.

"Basi kazi ya leo ni kubeba. Anayeondoka, aondoke tu. Siku yake tutakumbuka."

Hakuondoka mtu. Vijana wakakata miti miwili ya mkaratusi, wakapitisha magunia, ikawa machela. Kuna aliyeuliza kwa sauti kama si afadhali jeneza, maana lina mishikio mizuri. Zaina akajibu mwenyewe kutoka ndani: "Hilo sipandi!" Likarudishwa msikitini, na vijana wale walirudi mbio kuja kubeba.

Tuliteremka. Mbele wanne wakibeba, wengine pembeni wakingoja zamu, Sista Monika akimkinga Zaina kwa mwavuli wangu, nyuma wanawake na kuni zao na masufuria. Hakuna aliyewaambia waziache. Tulipofika juu ya kijito, wa mbele wakasimama. Njia haikuwepo. Tangu tupite asubuhi, mlima ulikuwa umeporomoka, ukaacha ukuta wa tope jekundu unaotelemka hadi majini. Mtu mmoja mmoja, mikono mitupu, pengine angepita kwa kutambaa. Machela isingepita. Nilimtazama Sista Monika, naye akaangalia chini. Nilijua maana yake.

Wakati natafuta la kusema, nikasikia jembe likiingia udongoni. Mmoja alianza, wa pili akamfuata. Walichimba kama wanavyochimba kaburi, jinsi walivyozoea: wawili wanachimba, wawili wanatoa udongo, wakichoka wanapokewa bila neno. Walikata ngazi kwenye lile tope, pana za kutosha watu wawili, wakapigilia kuni za wanawake kwenye kingo zisibomoke. Kuni za msiba ndizo zilizoshika ngazi. Mzee aliyekuwa amenipa pole alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, kanzu imekuwa nyekundu, anawapigia kelele wabebaji, "Njooni, pamekauka!" Hapakuwa pamekauka hata kidogo, lakini walipita. Walimvusha Zaina juu ya ngazi zile kwa hatua za kinyonga, kila mmoja amemshika mwenzake kiuno. Machela ilipogusa upande wa pili, nilijikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Gari lilikuwa linangoja sokoni. Likaondoka na Zaina, mama yake na Sista Monika. Mimi nilidhani watu watatawanyika. Thubutu! Kazi haijaisha, walisema. Wanawake wakawasha moto kwa kuni zilizobaki pembeni ya mizani ya karoti, wakabandika maharage ya msiba, na watu wakakaa kama wanavyokaa matanga, kila mmoja akitazama simu yangu. Simu ile nilitamani nimpe mwingine aishike. Betri ilikuwa inakata roho.

Maharage yalikuwa yameiva ilipoita. Sista Monika hakusalimia. "Wa kike," akasema. "Wote wazima. Waambie watu wale chakula."

Kabla sijawaambia lolote, nilikaa juu ya gunia la karoti nikalia mbele ya watu ambao nilikuwa nimewapiga faini za vyoo. Walielewa vibaya kwa mara ya pili siku ile, wanawake wakaanza tena kulia, ikabidi Mzee Hoza aninyang'anye simu asikie mwenyewe. Kisha akapiga kelele, na soko zima likashusha pumzi. Chakula kile cha msiba usio na maiti sijakisahau. Tulikula tukicheka, na waliokuwa wamebeba majembe walicheka zaidi.

Baadaye uliitishwa mkutano, na safari hii si siku ya soko. Hoja ilikuwa moja: majembe. Wazee walitaka yapigwe marufuku kwa mgonjwa, kwa sababu ya uchuro. Vijana walisema bila majembe tusingevuka. Wakavutana hadi Mzee Hoza akasema aulizwe mwenye uchuro wake. Zaina alisimama na mtoto mgongoni.

"Nilipowasikia mnakuja niliogopa," akasema. "Lakini nilihesabu majembe kwa masikio, nikasema, kumbe wako wengi hivi. Mimi sina kaka hata mmoja. Njooni nayo."

Ikapita. Tangu siku hiyo, mwanamume anayeitikia ringi ya mgonjwa bila jembe alihesabiwa hajaja. Na kwa kuwa watu hawapendi kubeba jembe bure, kila mgonjwa aliyeshushwa aliacha kipande cha njia kimetengenezwa: hapa ngazi, pale mfereji, pale jiwe limeondolewa. Alibebwa mwenye kaka saba na alibebwa asiye na mtu. Miaka ilivyokwenda, kijia cha mbuzi kikapitisha bodaboda, kisha masika moja yenye huruma gari la wagonjwa likapanda hadi chini ya mti wa ringi, dereva akashuka akajipiga picha. Wageni wa mradi fulani walikuja na bango lao wakaniuliza mkakati tulioutumia. Niliwaambia watu walidhani kuna msiba. Waliandika "ushirikishwaji wa jamii katika miundombinu". Wala sikubisha, kwani chai yao ilikuwa nzuri.

Sista Monika alistaafu kabla yangu, yuko Rangwi na miti yake ya matunda ya plamsi. Mimi niliendelea hadi mwezi wangu wa mwisho, na mwezi huo nikapanda Kwemkuyu kuwaaga. Nilitaka nikaione ile chemchemi mara moja ya mwisho. Ukungu, jiwe lenye utelezi, na mguu wa mzee. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

Walinilaza kwa Bi Mwanahawa, ambaye sasa haoni vizuri, akawa ananipapasa uso akisema pole mwanangu, pole. Mguu ulikuwa umegeuka upande usio wake. Mvua ilikuwa imekata barabara chini kwenye daraja, gari lisingepanda. Nikalala pale nikiwaza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza wakati ninawapangia wengine. Mimi ni mtu wa kuja. Ndugu zangu wako Muheza. Sina kaka wala shemeji kwenye mlima ule, na niliwahi kuwapiga faini karibu kila nyumba. Niliona aibu kuuliza nani atanibeba, kwa hiyo niliuma kanga niliyopewa nikanyamaza.

Ringi ikalia. Baada ya hapo nikasikia matone tu ya mgombani. Halafu, kutoka mbali kwenye ukungu, chuma kikagonga chuma. Jembe na jembe begani kwa watu wanaoshuka haraka. Upande huu, kisha upande ule, kisha pande zote. Nilikuwa nimeshasimulia jambo hili kwenye semina nyingi, lakini sikuwa nimewahi kulisikia nikiwa mimi ndiye niliye ndani. Machozi yalinitoka, na si ya mguu.

Mlango ulifunguka. Wa kwanza kuingia alikuwa Zaina, mama mtu mzima sasa, jembe begani ingawa wanawake huja na kuni, matope hadi magotini.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba," nikasema. Nje kelele zilikuwa zimejaa, mtu anauliza miti ya machela iko wapi, mwingine anasema nina uzito wa serikali, waongezwe wabebaji. Nikajitahidi kujiinua kwa kiwiko. "Zaina, mwanangu, nani kafa?"

Akashusha jembe, akaliegemeza ukutani, akanitazama.

"Wanasema ni wewe," akasema, akainama anishike mabega.